Mabehewa ya reli ya mfano: hesabu kwanza, urembo baadaye

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za kuandikia programu, nizungumzie mchezo wangu wa jioni, yaani treni za mfano. Najua baadhi yenu mtacheka: mtu mzima, kazi yake ni kuandika programu, ana reli ya mita tatu ukutani hapa Nairobi na anabishana na watu walio Marekani kuhusu mabehewa yaliyobeba ngano mwaka 1954. Chekeni tu, lakini msiondoke. Ubishi wenyewe ni wa data, ndiyo maana nauleta hapa.

Ubishi ni huu. Mtu anayetaka reli yake ifanane na reli ya kweli huanza kwa kuuliza, "Je, behewa hili ni sahihi?" Anahesabu ribiti. Anapima mlango. Anatazama kama ngazi ya pembeni ina vipago saba au vinane. Akiridhika analinunua, kisha analitafuta jingine la aina nyingine kabisa, zuri vilevile, na jingine, mpaka ana mabehewa 20 ambayo kila moja limekamilika hadi ribiti ya mwisho. Anayapanga nyuma ya injini na anatangaza kwamba treni yake ni sahihi. Mimi nasema hapana. Kila behewa ni kweli na treni nzima ni uongo, kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo mabehewa hayo 20 yangekutana hivyo mahali hapo. Usahihi unaonihusu ni wa kundi: ni mangapi, ya kampuni gani, mwaka upi, mahali gani.

Kwa wasioujua mchezo huu: skeli inayopendwa zaidi Marekani inaitwa HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli mbili zinaachana milimita 16.5, na behewa la boksi la futi 40, lile lililokuwa punda wa kazi wa reli za Marekani kwa miongo kadhaa, linabaki na urefu wa sentimita 14 tu. Linaenea kiganjani. Mimi nimechagua mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Kansas, kwenye njia ya kampuni ya Santa Fe, mwaka 1954, msimu wa kuvuna ngano. Kuna ghala refu la nafaka, duka la mbao, bohari ndogo ya mafuta, na basi. Kwa nini Kansas na si Voi? Nitafika huko. Jibu fupi ni kwamba data ya Kansas ipo.

Na data hiyo ni tamu kweli. Wamarekani walikuwa na kitabu kinene kilichotolewa mara kadhaa kwa mwaka, The Official Railway Equipment Register. Ndani yake kila kampuni iliorodhesha mabehewa yake yote yaliyoruhusiwa kuingia kwenye njia za wengine: kuanzia nambari hii hadi nambari ile, ni ya aina gani, urefu na kimo cha ndani, upana wa mlango, uzito yanaoweza kubeba, na kwa jumla ni mangapi. Toleo la Januari 1953 lilichapishwa upya baadaye kwa ajili ya wapenzi wa treni za mfano. Ukilifungua kwa jicho la mtu wa programu, unaona mara moja kwamba hiyo ni hifadhidata, ila imechapwa kwenye karatasi.

Hata ufunguo wake upo. Kila behewa lina herufi mbili hadi nne za mwenyewe, pamoja na nambari. ATSF ni Atchison, Topeka and Santa Fe. Herufi zikiishia na X, mwenyewe si kampuni ya reli: UTLX ni Union Tank Car, wenye mabehewa ya tangi, na GATX ni General American, nao wa matangi. Herufi na nambari zikiwekwa pamoja zinamtambulisha behewa mmoja tu katika bara zima. Sasa tembelea reli ya mfano ya mtu yeyote na usome ubavuni. Utakuta mabehewa manne yenye nambari ileile, kwa sababu kiwanda kilitoa nambari moja, bei ikashuka, na jamaa akabeba manne. Katika hifadhidata yoyote ile hilo lingekataliwa mlangoni. Viwanda vizuri siku hizi hutoa behewa moja kwa nambari kadhaa tofauti, na mimi naona hilo lina thamani kuliko ngazi ya waya mwembamba. Kama umeshanunua manne, nunua karatasi ya nambari za kubandika. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na behewa.

Tukizungumza bei, tuseme ukweli. Behewa moja la HO lililotengenezwa vizuri leo huuzwa zaidi ya dola 50. Hiyo ni shilingi 6,500 hivi, kabla ya nauli ya kulileta na kabla ya ushuru. Kwa mtu wa Nairobi hiyo si pesa ya kutupa ovyo, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kusisitiza hesabu. Anayenunua kwa kuvutiwa na macho hulipa pesa nyingi kupata treni isiyo ya kweli. Anayepiga hesabu kwanza hugundua kwamba zaidi ya nusu ya anachohitaji ni mabehewa ya kawaida, ya rangi ya udongo, ambayo mengi yanapatikana kwa bei nafuu kama vifaa vya kujiunganishia mwenyewe, au yaliyotumika.

Tuanze na wakati, kwa sababu hapo ndipo makosa ni rahisi kuyaona. Chukulia kila behewa lina tarehe mbili katika jedwali, ya kuanza kuwa halali na ya kuisha. Tarehe ya kuanza si ngumu. Behewa la PS-1 la kampuni ya Pullman-Standard lilianza kutengenezwa 1947, kwa hiyo halina kazi kwenye reli ya mwaka 1940. Tarehe ya kuisha ndiyo inayosahaulika. Yako mabehewa ya barafu yaliyopakwa rangi kali na matangazo makubwa ya nyama, siagi na bia, na wachezaji wanayapenda mno. Lakini mwaka 1934 tume ya serikali iliyosimamia biashara baina ya majimbo ilipiga marufuku mtindo huo wa kutangaza bidhaa za mpakiaji kwenye behewa la kukodi, na katika miaka michache iliyofuata matangazo hayo yakatoweka. Mtu anayeyaendesha pamoja na injini ya dizeli ya 1954 ameweka miaka 20 katikati ya treni moja bila kujua. Kuna pia fremu za magurudumu za mtindo wa zamani, zilizoundwa kwa vyuma bapa vilivyofungwa kwa bolti. Hizo zilikatazwa kupita kwenye njia za kampuni nyingine kufikia mwaka 1940 hivi. Breki za aina ya K zilifuata mkondo huohuo mwaka 1953. Na ile njia ya mbao au wavu wa chuma juu ya paa, ambayo wafanyakazi walikuwa wakitembea juu yake treni ikiwa mwendoni, haikuruhusiwa tena kwenye mabehewa mapya kuanzia 1966, kisha ikaondolewa polepole kwenye ya zamani.

Kuna alama moja ambayo siwezi kuipita bila kusimama, maana inatuhusu sisi watu wa kompyuta. Kuanzia mwaka 1967, reli za Marekani zilianza kubandika ubavuni mwa kila behewa kibao chenye mistari ya rangi, cha mfumo ulioitwa KarTrak. Mistari ilikuwa ya rangi ya chungwa, buluu, nyeupe na nyeusi, na ilisomwa kutoka chini kwenda juu na mashine iliyosimama kando ya reli huku treni ikipita. Vipande vilikuwa 13: cha kuanzia, cha aina ya chombo, vitatu vya mwenyewe, sita vya nambari, cha kumalizia, na cha mwisho kabisa cha kukagua kama usomaji umekwenda sawa. Naam, tarakimu ya ukaguzi, miaka ya 1960! Huu ndio babu wa ile mistari inayolia "piip" kwenye bidhaa za supamaketi, na supamaketi zenyewe zilianza kuitumia miaka kadhaa baadaye, mwaka 1974. Kwa nini basi mfumo huu ukafa? Uchafu. Vibao vilipakwa vumbi la makaa, matope na grisi, hakuna aliyeajiriwa kuvisafisha, na ilifika mahali karibu kibao kimoja kati ya vitano hakisomeki. Mwaka 1977 reli ziliachana nao. Mfumo ulikuwa mzuri kwenye karatasi, ila aliyeupanga alidhani behewa ni safi kama meza ya maabara. Vitambulisho vya redio, visivyojali matope, vilikuja kuchukua kazi hiyo miaka ya 1990.

Kwa mwenye reli ya mfano, kibao hicho ni zawadi. Ukikiona kwenye picha, picha hiyo haikupigwa 1954. Ukikiona kwenye behewa unalotaka kununua, basi behewa hilo limevaa nguo za miaka ya 1970, hata kama lenyewe lilijengwa 1948. Vivyo hivyo lile doa la manjano lililopakwa karibu na magurudumu ya mabehewa mengi mwaka 1978, baada ya serikali kuagiza ukaguzi wa aina fulani ya magurudumu. Ni kama toleo la programu. Mwili ni uleule, matoleo ni tofauti.

Haya, sasa hesabu yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha ubishi.

Reli za Marekani zilikuwa mali ya kampuni nyingi, lakini zilikubaliana upana wa njia, viungio na breki, kwa hiyo behewa la kampuni moja lingeweza kwenda popote. Behewa la boksi hasa ndilo lilikuwa na miguu mirefu. Liliweza kubeba karibu kila kitu: magunia, mbao, samani, karatasi, mikebe ya chakula, na ngano pia, ukizuia mlango kwa mbao kwa ndani. Likifika na mzigo Kansas kutoka Pennsylvania, kanuni zilisema lijazwe mzigo unaoelekea upande wa kwao. Lakini wakati wa uhaba stesheni masta angelijaza alichokuwa nacho na kulipeleka kokote. Wenye njia walilipa mwenye behewa ada ya kila siku, na maisha yakaendelea. Katikati ya miaka ya 1950 kulikuwa na mabehewa ya boksi zaidi ya 600,000 yakizurura namna hiyo.

Fikiria githeri iliyokorogwa sawasawa. Ukichota kijiko popote kwenye sufuria, uwiano wa mahindi na maharagwe unakaribia kuwa uleule. Wapenzi wa treni walichukua daftari za zamani za makondakta, ambazo ziliandika kila behewa lililokuwa kwenye kila treni, wakazilinganisha na jumla zilizomo kwenye kile kitabu kinene. Walichopendekeza ni kwamba, kwenye njia kuu, ukiondoa mabehewa ya kampuni yenye njia, yale ya boksi ya wageni yanaonekana kwa uwiano unaokaribiana na ukubwa wa kila kampuni nchini kote. Umbali hauna nguvu kubwa kama tunavyodhani. Wapo wanaoipinga nadharia hiyo, na wana hoja, lakini mimi naona ndiyo mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Matokeo yake yanashangaza. Pale Kansas, mtu angetarajia kuona zaidi mabehewa ya jirani, mathalani Missouri-Kansas-Texas, ambayo njia zake zilipita jimbo hilohilo. Lakini kampuni hiyo ilikuwa ndogo. Pennsylvania na New York Central, zilizoko mashariki kabisa, zilikuwa na makundi makubwa mno ya mabehewa ya boksi, kwa hiyo ndizo utakazokutana nazo mara nyingi zaidi. Pennsylvania peke yake ilitengeneza karibu 30,000 ya aina moja, X29, kati ya 1924 na 1934: la chuma, fupi kwa kimo, lisilo na mvuto wowote. Kama una nafasi ya behewa moja tu la mgeni kwenye reli yako ya 1954, X29 ni chaguo ambalo ni vigumu kulipinga. Lakini nani anataka kuonyesha wageni wake X29? Watu wanataka lile la Baltimore and Ohio ambalo kuta zake zinapinda na kuwa paa, au lile la Milwaukee lenye mbavu za kulala. Mazuri, ndiyo. Hayo ya Baltimore and Ohio yalikuwa maelfu machache tu kati ya hizo laki zote. Treni nyingi za mabehewa 50 zingepita mbele ya mlango wako bila hata moja, na bado nimeona reli za mfano zenye matano kwenye treni ya 15.

Umri nao una uwiano wake. Ukitengeneza mfano wa barabara ya Thika ukajaza magari ya mwaka huu pekee, Mkenya yeyote atajua kuna kitu hakiko sawa. Reli ni hivyohivyo. Mwaka 1954 mabehewa yaliyoagizwa na serikali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, takriban 50,000 ya boksi ya aina mbili, moja ikiwa na mbao ndani tu na mihimili ya chuma ikionekana nje, nyingine yenye mbao ndani na nje, yalikuwa bado yapo kwa wingi, ingawa mengi yalikuwa yameshabadilishwa kuta. Kando yao yalikwenda ya chuma ya muundo wa 1937, na PS-1 mpya zikiwa bado zinang'aa. Atakayenunua PS-1 kumi kwa kuwa zinapatikana kirahisi atakuwa na treni ya vijana watupu.

Nikaandika programu ndogo, mistari 60 hivi, isiyo na maajabu. Inasoma jedwali la kampuni na idadi ya mabehewa yao ya boksi, inatoa kampuni yenye njia, kisha inagawa nafasi nilizo nazo kwa uwiano. Tuchukue mfano wa kufikirika tu: ukiwa na nafasi 20 za wageni, na kampuni fulani inashika asilimia 9 ya jumla, inapata 1.8, yaani mawili. Yenye asilimia 4 inapata moja. Shida inakuja kwa wadogo. Kampuni yenye nusu asilimia inapata sehemu ya kumi ya behewa, na huwezi kununua sehemu ya kumi. Ukiwakata wote kwa kuwa wako chini ya nusu, unapoteza kitu kikubwa, maana wadogo wakijumlishwa ni wengi. Treni halisi karibu kila mara ilikuwa na behewa moja au mawili ya kampuni ambayo hujawahi kuisikia, ila kila siku ni kampuni nyingine. Kwa hiyo programu yangu inaacha nafasi tatu au nne za bahati nasibu. Nina mabehewa machache adimu kwenye boksi la viatu, na kabla ya kuendesha treni jioni kompyuta inachagua lipi litoke. Lile la kuta za kupinda lipo humo humo. Hutoka mara chache, na likitoka nafurahi kweli, kama ambavyo mtoto wa Kansas angefurahi kuliona likipita.

Hapo ndipo wengi wanakasirika. Wanasema, huu ni mchezo, nimelipa pesa zangu, nitaendesha ninachotaka. Sawa kabisa! Endesha. Sina ugomvi na mtu anayependa rangi. Ninaogombana naye ni yule anayesema treni yake ni sahihi kwa sababu ana picha ya kila behewa. Picha ni ushahidi wa namna yake, na una tabia mbaya: watu hupiga picha kile kinachowashangaza. Mwenye kamera mwaka 1954 alikuwa na filamu ya gharama, aliilenga injini, na kama alibakiwa na moja akapiga behewa la ajabu. La kawaida hakulipiga, kwa kuwa angeliona tena kesho. Picha nyingine nyingi zilipigwa na viwanda siku behewa linatoka, likiwa na rangi mbichi. Ukijenga kundi lako kwa picha tupu utapata mkusanyiko wa maajabu, yote safi. Sisi wa programu tunalijua kosa hili. Ukijaribu mfumo kwa majina ya ajabu uliyoyabuni mwenyewe, siku ya kwanza kazini unakutana na Kamau 400 na mfumo unaanguka.

Na hapa ndipo narudi kwenye swali la Voi. Nenda makumbusho ya reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, utaikuta injini 5918, Mount Gelai, ya daraja la 59. Zilijengwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, zote zikapewa majina ya milima, na kwenye reli ya upana wa mita moja hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Picha zake zimejaa kila mahali, na kwa haki. Lakini injini ile haikuwepo ili ipendeze. Ilikuwa inavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na mizigo ilikuwa ndani ya mabehewa ambayo karibu hakuna aliyeyapiga picha. Mtu akitaka leo kutengeneza mfano wa treni ya mizigo ya mwaka 1960 ikipanda kutoka Voi, ataweza kupata injini hadi bolti ya mwisho. Kisha atahitaji kujua: ya kufunika yalikuwa mangapi, ya tangi mangapi, ya mifugo mangapi, ya magadi yalichanganyika na mengine au yalikwenda peke yake? Hayo yako kwenye daftari, si kwenye picha. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977, mali ikagawanywa kati ya nchi tatu, na karatasi za namna hiyo ndizo huwa za kwanza kufungiwa sukari. Kama babu yako alikuwa karani wa yadi au gadi wa treni na kuna daftari kuukuu juu ya kabati, tafadhali lipige picha kurasa zote kabla mchwa hawajalisoma. Vipimo vya behewa vinaweza kuchukuliwa kwenye mabaki yake popote yalipo. Uwiano ukishapotea, hakuna pa kuupima.

Sasa niwape na mipaka ya hesabu hii, wasije wakubwa wakanishika shati. Githeri hukorogwa kwa mabehewa ya boksi ya kazi za kawaida. Mabehewa ya makaa ya mawe hayakuzurura. Yalikwenda mgodini, bandarini au kiwandani na kurudi, kwa hiyo kuweka la Pennsylvania katikati ya Kansas kwa kutumia uwiano wa nchi ni kichekesho. Ya tangi hufuata mwenye mafuta na mteja wake, na mengi ni meusi tu ya UTLX au GATX, kwa hiyo msishawishiwe na yale ya rangi ya fedha. Ya barafu hufuata msimu wa matunda na mikataba. Ya rangi ya chungwa ya Pacific Fruit Express, iliyomilikiwa na Union Pacific na Southern Pacific kwa pamoja, yalikuwa makumi ya maelfu, ila mji wangu wa ngano hauna sababu ya kupokea zaidi ya moja kwa wiki, tena lenye viazi au vitunguu.

Na ngano yenyewe inavuruga uwiano. Kabla ya mavuno kampuni zilikusanya mabehewa ya boksi mazuri, yasiyovuja, na kuyapanga kwenye njia za pembeni karibu na maghala. Yale ya nyumbani yaliitwa yarudi. Kwa hiyo mwezi wa sita mji wangu una mabehewa mengi ya Santa Fe kuliko programu inavyosema, na hata nimeiongezea mstari mmoja unaouliza mwezi. Hii ndiyo raha ya jambo lenyewe: ukishakuwa na hesabu ya kawaida, ukiukaji wake unakuwa na maana. Mabehewa 12 ya Santa Fe yaliyopangwa kando ya ghala, mengine bado yakiwa na ile ramani ya njia zao iliyochorwa ubavuni miaka ya 1940, yanamwambia anayejua kwamba ngano imeiva. Mtu aliyejaza maajabu yake mwaka mzima hawezi kusema hivyo, kwa sababu kwake kila siku ni sikukuu.

Kwa sasa orodha yangu inasema nimepungukiwa na mabehewa matatu: X29 moja, la New York Central la chuma moja, na lolote lenye mihimili ya nje la kampuni ya kusini. Yote ya rangi ya udongo. Nikiyapata yaliyotumika nitayapaka vumbi mwenyewe, hasa kwenye paa na kando ya mlango, maana ngano huacha unga mweupe pale inapomiminwa. Faili ya programu na jedwali ninazo, anayetaka kuzichokonoa aniulize. Jedwali ndilo lililonichukua wiki sita kulichapa, programu ilinichukua Jumapili moja.